Namna ya kukaa na Land Cruiser 80 ya dizeli miaka mingi bila kulala njiani

Ukitaka kujua hali ya Land Cruiser ya zamani, usianze na injini. Lala chini yake, fungua boliti ya kujazia oili kwenye difu ya mbele (kasha la gia lililo kwenye ekseli), chovya kidole kisha kitazame juani. Oili ya kahawia inayopitisha mwanga ni dalili njema. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chenga za chuma zinazometameta, kuna beringi au meno yanayosagika.

Kipimo hicho nilijifunza kwa hasara. Mwaka 2009 nilinunua HZJ80 ya mwaka 1994, gari lililokuwa la mradi, kivuli cha nembo kikiwa bado kinaonekana mlangoni jua likilipiga upande. Masika ya kwanza nilivuka nalo mito njia ya Ifakara na Mlimba, nikafika salama, nikalipongeza. Miezi mitatu baadaye difu ya nyuma ikaanza kuvuma kwenye mwendo wa 60. Fundi alipoifungua, oili ilitoka nyeupe na beringi zilikuwa zimeliwa na kutu. Maji yale yalikuwa humo tangu siku ya mto, nami kila Jumamosi nilikuwa naosha bodi.

Tangu hapo nashika jambo moja. Gari la aina hii haliuawi na kilomita, linauawa na kitu kilichoingia pasipo pake: vumbi ndani ya injini, maji ndani ya difu, mafuta ya taa ndani ya dizeli, oili ya difu ndani ya grisi. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kuvizuia hivyo, au kuvigundua mapema ilhali dawa yake bado ni lita mbili za oili na saa moja ya fundi.

Hatua ya kwanza: jua unanunua ipi

Fungua boneti utafute kibao kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Kikisema HZJ80, ndani mna injini ya 1HZ. HDJ80 ina 1HD yenye turbo. Hiyo ina nguvu zaidi na raha kwenye barabara ndefu, lakini zile za mwanzo wa miaka ya 1990 zina historia ya kula bigi endi (beringi za kwenye krenki), kwa hiyo usiichukue kabla ya kujua kama zimebadilishwa. FZJ80 ni petroli ya lita 4.5. Injini tamu, ila hesabu ya mafuta uifanye kabla, usingoje kituoni.

Mimi nazungumzia HZJ. 1HZ ina silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa cc 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haina kompyuta. Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na imeendelea nayo kwa zaidi ya miaka 30, ndiyo maana spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo. Mwenye HZJ105, ile yenye umbo la 100 iliyotoka kuanzia 1998, anaweza kuufuata mwongozo huu bila wasiwasi, maana injini na ekseli ya mbele ni za ukoo uleule. Ukikuta 1HZ iliyofungwa turbo mtaani, kaa nayo mbali kama hujui aliyeifunga. Joto likizidi, silinda hedi hupata ufa kwenye vile vyumba vidogo ambamo dizeli huanzia kuwaka.

Kwa walioko Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Maana yake utanunua lililokwishatumika hapahapa, na historia yake iko kwenye barabara unazozijua. Tanzania bado unaweza kuagiza, ila kodi ya uchakavu itakufikirisha. Gari la mnada wa serikali au la mradi lina faida moja kubwa: mara nyingi lilikuwa na ratiba ya matengenezo. Lina hasara pia, kwamba limepitia mikono ya madereva wengi. Omba kitabu chake. Kikikosekana, punguza bei.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia ya chesisi, sehemu ya mbele karibu na tairi. Futa tope uisome kwa macho yako, kisha uilinganishe na kadi ya gari. Ukiwa hapohapo chini, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi taratibu kuelekea nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti bubu. Magari ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa yanaliwa na hewa ya bahari, na yanayotoka sehemu za Japani zenye theluji yanaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani. Kwenye bodi, tazama kingo za kioo cha mbele, mfereji wa paa, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma na matao ya matairi ya nyuma.

Fika asubuhi na mapema, ushike injini kwa mkono kabla ya kuruhusu iwashwe. Kama ni ya moto, muuzaji ameiwasha ili kuficha jambo. Rudi siku nyingine. Moshi mweupe unaokwisha baada ya dakika moja si tatizo kubwa, huenda ni hita plagi au nozeli zilizochoka. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Halafu fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Pumzi kidogo ni kawaida kwa injini ya umri huu, lakini ikirusha oili au kuutikisa mfuniko, ringi zimechoka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kitambaa. Injini ikiwa imezimwa, legeza klipu ya bomba la hewa linalotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini, zungusha kitambaa cheupe kwenye kidole ufute ndani ya bomba. Kikitoka na vumbi, hata jembamba kama poda, injini hiyo imekuwa ikivuta mchanga. Nimewahi kumshauri binamu yangu aache gari zuri la kung'aa kwa sababu ya kitambaa hicho, akaninunia wiki nzima. Aliyelinunua gari lile alifanya ovaholi kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya pili: mwaga vyote, anza na daftari

Wiki ya kwanza usiamini neno la mtu yeyote kuhusu oili. Mwaga oili ya injini, ya gia boksi, ya transifa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), ya difu zote mbili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi. Badilisha na machujio yote. Kabla ya kumwaga gia boksi au difu yoyote, fungua kwanza boliti ya kujazia. Nimeona gari limemwagwa oili kijijini, kisha boliti ya juu ikagoma kabisa kufunguka, likabaki limekaa bila oili.

Kila oili unayoimwaga ipokee kwenye beseni safi, iache itulie, kisha utazame chini ya beseni. Unachokiona ndicho ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Andika tarehe, kilomita, ulichobadilisha, bei, na ulichokiona. Daftari langu la kwanza lina mistari kama "difu ya mbele, nyeusi, haina chuma" na "transifa, lita pungufu, sili ya nyuma inatoa". Miaka kumi na zaidi baadaye mistari hiyo ndiyo inayoniambia kwamba sili ya transifa hunidumu miaka minne, basi nainunua kabla haijaanza kuvuja.

Oili ya injini naibadilisha kila kilomita 5,000, daraja la 15W-40 ya dizeli. Wapo wanaofika 10,000 kwa oili ya bei kubwa. Kwa barabara ya lami tupu sibishani nao, lakini kwenye vumbi nabaki na 5,000.

Hatua ya tatu: vumbi lisipite

Chujio la hewa ndilo mlango wa injini, na mlango huu huharibiwa zaidi na usafi wa pupa. Usiligonge chujio kwenye tairi, karatasi yake inapata nyufa usizoziona. Ukitumia upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Kisha ingiza taa ya simu ndani yake gizani. Ukiona nukta ya mwanga mkali, litupe.

Halafu kuna viungo. Bomba la mpira lenye mikunjo kati ya boksi na injini hupasuka chini ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki. Likunje kwa mikono miwili kila unapobadilisha oili. Kama umefunga mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa kutoka juu karibu na paa, jua kwamba mikonga mingi ya bei nafuu haizibi vizuri pale inapoingia kwenye bodi. Watu wanaamini mkonga umewalinda na maji kumbe unawaletea vumbi la tairi la mbele. Vua, paka silikoni kwenye kila kiungo, funga tena, na baada ya safari ya vumbi rudia kipimo cha kitambaa. Kitambaa kikirudi cheupe, kazi imekamilika.

Hatua ya nne: dizeli

Mwaka 2010 neno "kuchakachua" lilikuwa kinywani mwa kila mwenye gari Tanzania. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini, yakawa yanachanganywa na dizeli. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka huohuo, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo ule ipungue. Nautaja kwa sababu wengi hawajui ulivyoumiza. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, na pampu iliyokunywa mafuta hayo husagika kimyakimya mpaka siku moja injini ikatae kuwaka ikiwa ya moto. Hiyo ndiyo dalili: ya baridi inawaka, ya moto inagoma.

Jaza kituo chenye foleni ya malori, maana mafuta hayakai muda mrefu kwenye tangi la ardhini. Ukiona lori la kampuni ya mafuta linashusha mzigo, ondoka, kwa kuwa uchafu na maji ya chini ya tangi vimekorogwa muda huo. Chini ya chujio la dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Kila mwezi kilegeze, shusha kidogo kwenye chupa ya maji iliyokatwa, acha itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mstari kati yao utauona wazi. Chujio lenyewe nalibadilisha kila kilomita 10,000, na moja jipya liko kwenye gari daima. Ukishalifunga, jaza kwa ile pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka ikaze, vinginevyo hewa itabaki ndani na utamaliza betri kwa stata.

Nozeli zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia kila kilomita 100,000 hivi. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoboa pistoni.

Hatua ya tano: joto

Hapa nina ugomvi na desturi moja. Gari likichemsha, fundi wengi wa mitaani hutoa thamostati (valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Nilitolewa ya kwangu bila kuulizwa, na nilijua baada ya miezi, nikipanda mlima wa Kitonga na mzigo. Thamostati ya injini hii ina kisahani upande wa chini. Ikifunguka upande wa rejeta, kisahani kinaziba njia fupi ya maji. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote: sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Kwenye tambarare injini inakuwa ya baridi mno, inakula dizeli na kuchafua oili. Mlimani inachemsha. Mwambie fundi mapema, kwa heshima lakini waziwazi, kwamba thamostati ya gari lako haitolewi.

Mshale wa joto usiuamini sana. Umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kiasi kikubwa, na unapoanza kupanda, shida imekwisha kuwa kubwa. Mimi nimefunga geji ndogo ya pili inayosoma nyuzi kamili. Ni kitu cha bei ndogo nilichofaidika nacho kuliko vyote.

Tumia kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji safi, siyo maji ya kisima peke yake. Chumvi ya kisima inaganda ndani ya rejeta. Mfuniko wa rejeta ubadilishe kila miaka miwili, maana springi yake ikilegea maji yanachemka mapema. Rejeta ya zamani ya shaba, ikiwa inavuja, ipeleke ikachomewe na kuzibuliwa kabla ya kufikiria ile mpya nyepesi ya dukani yenye vichwa vya plastiki. Injini ikiwa imezimwa na ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka huru kama pangaboi, klachi ya feni imekufa.

Anayepita kwenye nyasi ndefu aweke wavu mbele ya rejeta. Mbegu za nyasi hujaa kwenye mapezi na huzioni mpaka umulike kwa taa. Pita pia chini ya gari jioni, uondoe nyasi zilizosokotana kwenye ekzozi. Magari yameungua hivyo.

Hatua ya sita: taimingi belti

Huu ni mkanda unaozungusha kamshafti inayofungua valvu. Ubadilishe kila kilomita 100,000, basi. Taa yake inawaka kwenye dashibodi, lakini kwenye gari la umri huu kuna aliyeizima bila kubadilisha mkanda, kwa hiyo kama huna ushahidi, badilisha wiki ya kwanza. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Badilisha pamoja na roli ya kuukaza, na tazama sili za krenki na kamshafti: oili ikidondokea mkanda, inaulainisha na kuula. Ukiwa umefungua hapo, pima na nafasi za valvu injini ikiwa baridi, 0.15 hadi 0.25 mm kwa za kuingiza, 0.35 hadi 0.45 mm kwa za kutoa.

Hatua ya saba: ekseli ya mbele

Hii ndiyo sehemu inayotofautisha mwenye 80 anayelijua gari lake na anayeliendesha tu.

Nyuma ya kila tairi la mbele kuna tufe kubwa la chuma linaloteleza ndani ya kikombe pale unapokata kona. Ndani mna CV jointi, kiungo kinachozungusha tairi hata likikatwa kona, iliyozama kwenye grisi, na juu na chini kuna beringi za kingpini, yaani pini ambazo tairi hugeukia. Sili ndogo ya ndani inatenganisha oili ya difu na grisi hiyo. Sili ikichoka, oili inaingia kwenye grisi na kuilainisha. Dalili yake unaiona bila kufungua kitu: tufe linakuwa na maji meusi yanayotiririka, na upande wa ndani wa tairi unaloa. Tufe lisilo na tatizo lina utando mwembamba tu wa grisi, kama mkono uliopakwa mafuta ya nazi na kufutwa.

Mara ya kwanza tulipofungua la kwangu, mzee aliyekuwa ananifanyia kazi alichota na kidole, akaniletea karibu na macho. "Kijana wangu, hii siyo grisi tena, ni uji wa ulezi." Alikuwa sahihi. Ikatiririka kwenye beseni, nyeusi, yenye harufu ya oili ya difu.

Kazi yenyewe fanya kila kilomita 50,000, au mara tu uonapo uji. Inachukua siku nzima kwa pande zote mbili, na siku hiyo kaa hapohapo gerejini. Mambo ya kusimamia ni haya. Nati kubwa za beringi ya tairi ni za 54 mm, na kuna soketi yake. Nunua yako uende nayo, kwa sababu gereji isiyo nayo itatumia tindo na nyundo, na nati iliyopigwa tindo haikazwi kwa kipimo tena. CV jointi ioshwe kwa dizeli mpaka chuma kionekane, ikaushwe, kisha iangaliwe njia za gololi kama zimechimbika. Sili zote ziwe mpya, pamoja na ile ya nje na nyuzi zake zinazofuta tufe. Zile wosha nyembamba zilizo chini ya kingpini ya juu zirudi upande uleule zilikotoka, zisichanganywe kulia na kushoto. Grisi iwe ya molibdeni, ijae kwenye CV yenyewe, na kikombe kisijazwe mpaka juu.

Kisha kuna nati nne chini ya kila kikombe, zinazoshika mkono wa stelingi. Kwenye 80 zina tabia ya kulegea kwenye barabara zenye mawimbi, na studi zikishalegea hukatika. Nasema hili kwa uzito wote: ukikosa muda wa kufanya chochote kingine katika mwongozo huu, zikague hizi. Ziguse kwa spana ya kipimo kila baada ya kilomita 5,000. Ukiona vumbi jekundu la kutu pembeni mwa nati, imeanza kucheza.

Kukagua beringi kati ya huduma mbili, nyanyua tairi kwa jeki, shika juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki urudie. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni kingpini. Stelingi inayotikisika ghafla kwenye mwendo wa 60 au 80 chanzo chake huwa hapohapo, au kwenye bushi za fimbo inayoshikilia ekseli kulia na kushoto. Fundi atataka kubadilisha shokapu ya stelingi. Itatulia mwezi mmoja, kwa kuwa inaficha tu.

Kama gari lako ni la habu za kuzungusha kwa mkono, zifunge mara moja kwa mwezi na uendeshe kilomita chache ili oili izunguke ekseli ya mbele. Fowili usiiweke kwenye lami kavu. Kama ni la fowili muda wote, kinachozimwa kwenye lami ni loki ya difu ya katikati.

Hatua ya nane: maji

Difu yako ikiwa ya moto na ukaingia mtoni, hewa iliyo ndani inapoa na kusinyaa kwa ghafla, na difu inavuta. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo, kinatakiwa kuingiza hewa. Kikiwa kimeziba kwa tope, difu inavuta maji kupitia kwenye sili. Ndivyo ilivyotokea kwangu. Tiba yake ni mpira mwembamba wa mita mbili hivi kwa kila kipumulio, uliopandishwa mpaka kwenye chumba cha injini au nyuma ya taa, na chujio dogo la dizeli la pikipiki mwishoni ili vumbi lisiingie. Fanya kwa difu zote mbili, gia boksi na transifa. Kwa fundi mwenye uzoefu ni kazi ya asubuhi moja.

Hata ukiwa nao, simama dakika kumi kabla ya kuvuka ili difu zipoe, na siku ya pili baada ya kuvuka maji yanayofunika habu, rudia kipimo cha kidole. Ukiona chai ya maziwa, mwaga, weka oili ya bei nafuu, endesha kilomita 20, mwaga tena, kisha weka oili nzuri.

Hatua ya tisa: spea, na unachobeba

Sili, beringi, taimingi belti, thamostati na chujio la dizeli nunua orijino tu, au kutoka kwa watengenezaji wa Japani wanaojulikana. Namba ya spea ya Toyota ina tarakimu 10 zilizogawanywa tano na tano. Iandike kwenye daftari, kaidai dukani kwa namba, usiseme "nipe sili ya Land Cruiser". Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, mwenye duka anakupa kitu kingine kabisa akiona unajua namba. Chujio la oili nililowahi kuuziwa kama orijino nilikuja kulikata kwa msumeno: karatasi ndani ilikuwa nusu ya kawaida na gundi imeachia. Siku hizi kila chujio ninalolitoa nalikata nione, ni dakika tano. Vitu vya chuma vizito, kama transifa, difu nzima, milango na gia boksi, sina tatizo na vya mtumba kutoka Japani au Sharjah, mradi nichovye kidole kwanza.

Kwenye gari langu muna chujio la dizeli, mikanda ya feni, hosi ya juu na ya chini ya rejeta, lita tatu za oili ya difu, soketi ya 54 mm, fyuza, waya wa kufungia, beringi moja ya tairi la mbele pamoja na sili yake, na kipande cha sabuni ya mche.

Sabuni ni kwa ajili ya tangi. Jiwe likitoboa tangi la dizeli, usihangaike na gundi, haishiki penye mafuta. Kata kipande, kikande kwa vidole bila maji mpaka kiwe laini kama ugali uliopoa, futa ufa kwa kitambaa, sukumiza sabuni ndani ya ufa kwa dole gumba, kisha ipake na pembeni. Dizeli haiyeyushi sabuni. Mimi nilifanya hivyo kando ya Mlimba saa kumi na mbili jioni, nikaingia Ifakara usiku, na fundi aliposhusha tangi siku ya tatu sabuni ilikuwa bado imeshika, kavu kabisa.